Dinari ya Augustus yenye shaba ndani: bandia ya leo, au ya miaka elfu mbili?

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, naishi Birmingham, na nimeanza kukusanya sarafu za Kirumi. Nimenunua dinari ya Kaisari Augustus, ile ambayo nyuma yake wamesimama vijana wawili na ngao mbili katikati. Ilionekana nzuri, lakini shingoni mwa Augustus pamebanduka, na chini yake pana wekundu wenye ukijani. Mizani inasoma gramu 2.94. Muuzaji anasema ni kutu ya kukaa ardhini tu. Rafiki yangu anasema ni feki ya juzi, niitupe. Nimsikilize nani? Na kama kweli ni bandia ya kale, ilitoka kiwanda cha Kaisari mwenyewe au kwa mhalifu? Nimeambatanisha picha za pande zote mbili na za ukingo.*

Marahaba, mwanangu. Usiitupe. Muuzaji amekosea, na rafiki yako amekosea zaidi. Kwa picha ulizoleta, ulicho nacho ni kipande cha shaba kilichovikwa fedha na kupigwa chapa na mtu aliyekusudia kumdanganya Mrumi mwenzake, ama Augustus akiwa bado hai au miongo michache baada ya kufa kwake. Swali lako la mwisho, la nani aliyeitengeneza, ndilo lenye uzito, na doa la shingoni halilijibu. Litajibiwa na herufi, nami nitafika huko.

Uzito umeshaupima, basi tuanzie hapo. Dinari za vijana hao wawili, Gaius na Lucius, wajukuu wa Augustus aliowafanya wanawe, zilifuliwa Lugdunum, ndiyo Lyon ya leo nchini Ufaransa, kuanzia mwaka 2 KK. Ratli moja ya Kirumi ya fedha ilitoa dinari 84 siku hizo, kwa hiyo sarafu mpya ilikaribia gramu 3.9. Ikizunguka mikononi mwa watu kwa miaka mingi hulika na kupungua kidogo. Yako haijalika: nywele za Augustus bado unaweza kuzihesabu. Sura ni nzima, lakini robo ya uzito haipo. Sentimita moja ya ujazo ya fedha safi ina gramu 10.49, ya shaba ina 8.96, kwa hiyo hata kipande kizima cha shaba chenye ukubwa uleule kingepungua kwa kama asilimia 15 tu. Upungufu uliobaki katika yako umetokana na wembamba wa kipande chenyewe na shaba iliyoliwa kwa ndani. Mghushi alijua kuhusu upungufu huu na hakujali sana. Dinari sokoni zilihesabiwa, hazikupimwa moja moja.

Namna ilivyotengenezwa inaeleza karibu kila alama utakayoiona juu yake, kwa hiyo nivumilie. Leo ukimpelekea sonara kitu akuchovyee dhahabu, anatumia umeme. Kazi hiyo ilipewa hataza mwaka 1840, tena hapohapo mjini kwako, na jamaa wa ukoo wa Elkington. Fundi wa kale hakuwa nayo. Alilifua bati la fedha mpaka likawa jembamba, akalifunika juu ya kidonge cha shaba pande zote mbili, akapandanisha kingo kama manda ya sambusa, kisha akakitia motoni. Fedha peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na shaba kwenye 1,085. Lakini mahali metali hizo mbili zinapogusana huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 779 hivi, kwa mchanganyiko wa takriban fedha 72 kwa shaba 28. Kwa hiyo fundi hakuhitaji lihamu wala kipimajoto. Alipandisha moto mpaka kipande kikawa chekundu, akasubiri mshono ung'ae kwa umajimaji, akakitoa. Utando mwembamba ulioyeyuka kati ya fedha na shaba umezigandisha kabisa. Mafundi wa Sheffield waliligundua upya jambo hilohilo katika karne ya 18, wakalitumia kutengeneza birika na vinara vya mishumaa.

Wapo waliotumia lihamu ya fedha na shaba, na wapo waliofuata njia nyingine, lakini katika sarafu za zama za jamhuri ya Kirumi na za Kaisari wa mwanzo, bati la kufunika ndilo tunalolikuta mara nyingi. William Campbell alizikata baadhi ya sarafu za Kigiriki na Kirumi, akazing'arisha na kuzitazama kwa hadubini, na kazi yake iliyochapishwa New York mwaka 1933 bado inasomwa kwa sababu aliuona utando huo kwa macho yake.

Baada ya moto kipande kiliwekwa kati ya mihuri miwili kikapigwa nyundo. Zingatia mpangilio: fedha kwanza, chapa baadaye. Ndiyo maana fedha ya sarafu yako inapanda na kushuka pamoja na kila herufi. Angevika baada ya kupiga chapa, angezijaza fedha herufi na uso ungefifia.

Faida yake ilikuwa kubwa ajabu. Dinari moja ilikuwa sawa na asi 16, na asi ya shaba ya zama za Augustus ilikuwa na gramu kama 11. Shaba iliyomo kwenye yako, tuseme gramu mbili na nusu, haifiki thamani ya robo ya asi. Ongeza bati la fedha, ongeza mkaa na ujira wa fundi, bado mtu alikuwa anageuza vijisenti kuwa mshahara.

Sasa doa lako. Fedha na shaba zikizikwa pamoja kwenye udongo wenye unyevu na chumvi, shaba ndiyo inayoliwa, fedha inasalimika. Shaba iliyoliwa haipotei tu, inageuka kuwa madini mengine yenye ujazo mkubwa kuliko metali ilikotoka, nayo hutafuta nafasi. Hulisukuma ganda la fedha kutoka chini mpaka linatunisha vilengelenge, kisha linapasuka, na mara nyingi linapasukia mahali palipovutwa sana wakati wa kupigwa chapa: shavuni, shingoni, kwenye ukingo. Chukua lenzi inayokuza mara kumi uangalie doa lile. Muuzaji angekuwa na haki kama ukijani ungekuwa juu ya fedha, kwa kuwa sarafu halisi ya fedha ikizikwa pamoja na vitu vya shaba huchafuka kijani pia, na uchafu huo hukaa kama tope lililokauka. Katika picha yako fedha ina mdomo, ukivuka mdomo unashuka ngazi, na wekundu uko chini ya ngazi. Kuna vilengelenge viwili vingine nyuma ya sikio ambavyo hukuvitaja. Geuza sarafu uangalie na ukingo: sehemu moja pana mstari mwembamba unaozunguka kwa kipande kifupi, ambao nauona ni mahali bati mbili zilipopandana. Mstari huo peke yake usingenitosha, kwa sababu sarafu halisi iliyopigwa nyundo hupasuka ukingoni vilevile.

Kuna jaribio moja unaloweza kulifanya jikoni bila kuiumiza sarafu. Weka kikombe cha maji kwenye mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize ining'inie ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, usome. Namba inayotokea ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wake wa hewani kwa namba hiyo. Dinari nzuri ya wakati huo, ambayo ilikuwa karibu fedha tupu, itakupa 10.3 au 10.4. Kwa sarafu ya gramu 2.94, fedha ingesomeka 0.28 majini. Mimi natarajia yako isome 0.32 au zaidi, yaani 9.2 kushuka chini. Mizani yenye desimali mbili inatofautisha hizo kwa shida, kwa hiyo rudia mara kadhaa, au uazime mizani ya desimali tatu. Tia tone la sabuni ya vyombo majini ili viputo visigande kwenye herufi, vinginevyo utapima hewa.

Tahadhari mbili hapo. Waghushi wengine walitumia risasi, na risasi ina gramu 11.34 kwa sentimita ya ujazo, nzito kuliko fedha, kwa hiyo kipimo kinaweza kupanda badala ya kushuka. Wachache walitumia chuma, na hao sumaku inawaumbua. Kuhusu sauti, watu wanapenda kugonga sarafu mezani wasikie inavyolia. Usiitegemee. Fedha ya kale hupoteza uimara wake ardhini ikawa tete, na sarafu halisi yenye ufa usioonekana hutoa mlio mfu kama ya bandia.

Usikimbilie pia mashine ya eksirei inayotaja asilimia za metali, ile inayoshikwa mkononi kama bastola. Wauzaji wa vito wanayo na watakupimia kwa furaha. Miale yake haizami zaidi ya sehemu ndogo sana ya milimita. Itasoma ganda, itaandika fedha asilimia 97, na utarudi nyumbani umechanganyikiwa. Ikielekezwa kwenye doa la shingoni ndipo itasema ukweli, lakini ukweli huo umeshauona kwa macho.

Rafiki yako aliyesema ni feki ya juzi nadhani aliona rangi mbili akakata kauli. Nakala za leo zinazouzwa kwa watalii huvikwa fedha kwa umeme, na umeme hutandaza utando mwembamba wa fedha kila mahali, bila mshono. Zikichubuka, chini yake unaona metali inayong'aa, au umanjano wa shaba iliyochanganywa na zinki. Yako chini ya ganda ina madini mekundu magumu, juu yake kijani kilichoota na kupenya kwenye tundu, na sehemu ndogo ya kijani hicho imepanda juu ya mdomo wa fedha. Uotaji wa namna hiyo, kutoka ndani kwenda nje, huchukua muda mrefu mno kwa mtu anayetaka pesa wiki ijayo. Zinki peke yake isikuhukumie lolote, maana Warumi nao walikuwa nayo katika sarafu zao za shaba ya njano.

Na usije ukadhani kila sarafu ya kale yenye shaba ndani ni wizi. Katika karne ya 3 BK dola ya Kirumi yenyewe ilizidi kupunguza fedha, mpaka miaka ya 260, chini ya Gallienus, sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na asilimia chache tu ndani yake, uso ukiwa umetiwa weupe ili ipendeze siku ya kwanza. Hiyo ni sarafu halali ya serikali maskini. Jirani zetu wa Aksum nao walipaka dhahabu kuzunguka kichwa cha mfalme juu ya sarafu zao za fedha na za shaba, tena kwa ustadi, na hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa dhahabu ilikuwa pambo wazi kabisa.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la nani. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba viwanda vya serikali vyenyewe vilichanganya sarafu zilizovikwa na sarafu njema ili kubana matumizi. Kuna mahali ambapo jambo hilo lilitokea kweli, nalo ni Athene.

Mwaka 413 KK Wasparta walijenga ngome Dekeleia, ndani ya ardhi ya Athene. Watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, na machimbo ya fedha ya Laurion, yaliyokuwa yakiulisha mji ule, yakafa. Mwaka 407/6 KK Waathene waliyeyusha dhahabu ya sanamu za mungu wao wa ushindi ili wapate kulipia manowari. Haikutosha. Wakafua drakma, sarafu yao ya kawaida, na tetradrakma, yenye thamani ya drakma nne, za shaba zilizovikwa fedha. Aristophanes, mtunzi wao wa vichekesho, alizidhihaki jukwaani mwaka 405 KK: raia wema wa mji wamewekwa kando kama sarafu za zamani zilizojaribiwa kwa mlio, na mji unatumia vishaba vilivyopigwa jana na juzi kwa chapa mbovu kuliko zote. Katika mchezo mwingine wa baadaye, mhusika mmoja anasimulia alivyouza zabibu zake akaenda sokoni na mdomo umejaa sarafu za shaba, maana wao walibeba sarafu shavuni. Akiwa amekinga mfuko apimiwe unga wa shayiri, mpiga mbiu akatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna kupokea shaba, ni fedha tu. Akabaki na mdomo wake.

Mwaka 1902 ilipatikana Piraeus, bandari ya Athene, akiba ya drakma na tetradrakma zilizovikwa, na mihuri yake imechunguzwa kwa makini. Wengi wetu tunakubali kwamba hizo ndizo sarafu za dharura za serikali. Zilitangazwa, zikatumika, zikafutwa kwa tangazo. Mghushi hapigiwi mbiu.

Kizazi kimoja baadaye mji uleule ulikuwa unapambana na bandia za watu binafsi. Sheria ya Nikophon ya mwaka 375/4 KK, iliyochongwa kwenye jiwe lililofukuliwa sokoni Athene mwaka 1970, inamtaja mtumwa wa umma aliyekaa kati ya meza za wabadili fedha kila siku kukagua sarafu. Ikionekana ina shaba ndani, au risasi, au ni ya kughushi, aikate papo hapo, na vipande viwe mali ya Mama wa Miungu, vikakabidhiwe kwenye Baraza. Mkaguzi asipokaa mahali pake, viboko 50. Ukiona sarafu ya bundi wa Athene ina jeraha la patasi mgongoni, ujue kulikuwa na mtu aliyetaka kuona ndani, ama pale, ama Misri au Mashariki, ambako fedha ya wageni ilipewa hukumu hiyo mara nyingi.

Roma ni habari nyingine. Waliodai kwamba serikali ya Roma ilifua bandia zake yenyewe walimtegemea sana Pliny Mkubwa, mwandishi Mrumi wa karne ya 1 BK, anayesimulia kwamba Livius Drusus, alipokuwa tribuni, ofisa wa kuwatetea raia wa kawaida, mwaka 91 KK, alichanganya sehemu moja ya nane ya shaba kwenye fedha, na kwamba Marcus Antonius alitia chuma kwenye dinari zake. Soma tena: anazungumzia kuchanganya. Kuyeyusha shaba na fedha chungu kimoja ni jambo tofauti kabisa na kukivika kipande cha shaba koti la fedha, na ubishi mwingi wa karne ya 20 ulizaliwa na watu kuyaona mambo hayo mawili kuwa moja. Mwaka 1968 Michael Crawford, mtaalamu wa sarafu za Kirumi, aliandika kwamba sarafu za Kirumi zilizovikwa ni kazi ya waghushi tu. Mimi niko upande wake, na sababu yangu ni mihuri.

Kiwanda cha serikali kilikuwa na utaratibu. Katika dinari za Publius Crepusius za mwaka 82 KK, kila muhuri wa upande wa nyuma ulichongwa namba yake. Katika zile za Lucius Papius za mwaka 79 KK, alama ndogo iliyo nyuma ya kichwa ina mwenzake maalumu upande wa pili, jozi kwa jozi, kifaa na kifaa kinachoendana nacho. Mghushi aliyenakili sarafu mbili tofauti hakujua siri hiyo. Anachukua alama ya sarafu hii na mwenzake wa sarafu ile, na jozi zinapishana. Ndivyo zilivyo nyingi za zilizovikwa. Vivyo hivyo utakuta kichwa cha mtawala mmoja upande huu, na upande wa pili picha iliyotumika chini ya mtawala mwingine. Kiwanda kingeweza kukosea hivyo mara moja moja, lakini zilizovikwa zimejaa makosa hayo.

Tatizo ni zile chache ambazo mihuri yake inafanana kabisa na ya serikali. Wapo wanaozishika hizo kama ushahidi kwamba kiwanda kilihusika. Kabla ya kukubali, uliza muhuri ulipatikanaje. Mfanyakazi wa kiwanda aliweza kutoka na muhuri usiku. Tena kuna njia rahisi kuliko wizi: unachukua dinari halisi, unaigandamiza kwenye metali iliyolainishwa kwa moto, na una muhuri wenye sura ileile ya kiwanda. Muhuri wa namna hiyo hubeba pia kasoro za sarafu mama. Kama sarafu mama ilikuwa imelika puani, kila mtoto wake atazaliwa na pua iliyolika, hata akiwa mpya. Kama ilikuwa na kijishimo cha mbadili fedha, kijishimo kitajirudia mahali palepale kwenye sarafu zote, laini kidogo, kisicho na makali. Ukilinganisha mihuri bila kuliangalia hilo, utaishtaki serikali bure.

Yako haina utata huo. Upande wa kichwa unatakiwa usomeke CAESAR AVGVSTVS DIVI F PATER PATRIAE, nao unasomeka vizuri. Upande wa nyuma unatakiwa usomeke AVGVSTI F COS DESIG PRINC IVVENT, na chini ya miguu ya vijana C L CAESARES. Kwenye picha yako N ya PRINC imegeuzwa kama inatazamwa kiooni, na IVVENT imepungukiwa V moja. Mchongaji wa Lugdunum alichonga maneno hayo mchana kutwa, maana aina hii ilifuliwa kwa wingi mno. Aliyechonga muhuri wako alikuwa anachora maumbo asiyoyasoma. Kwa hiyo jibu langu ni mghushi, na si mtu wa kiwandani. Kuchagua kwake aina hii ni akili ya kibiashara, kwa sababu sarafu inayoonekana kila siku haichunguzwi, na dinari ya Gaius na Lucius ni miongoni mwa zilizonakiliwa zaidi katika zama hizo.

Usidhani Warumi walilala. Sheria ya Sulla, mtawala wa kiimla wa Roma, ya mwaka 81 KK iliwalenga waghushi wa fedha pamoja na waghushi wa wasia. Miaka michache kabla yake, 85 KK hivi, ofisa mmoja, Marius Gratidianus, alitangaza utaratibu wa kuzijaribu dinari, na wananchi walifurahi hata wakamsimamishia sanamu mitaani na kuzifukizia ubani. Sanamu hazikumsaidia. Sulla aliporudi, Gratidianus aliuawa kwa ukatili mkubwa. Baadhi ya dinari za jamhuri zilikatwa meno ukingoni, na wengi wanaeleza kwamba ilikuwa kuonyesha fedha mpaka ndani. Mwanahistoria Mrumi Tacitus anasema Wajerumani walizipenda hizo. Waghushi nao wakakata vidonge vyao meno kwanza, kisha wakavivika fedha, meno na yote, na zipo nyingi kwenye makumbusho.

Kilichofanya kazi kweli ni mtu aliyezoea. Mwanafalsafa Epictetus anaeleza kwamba mkaguzi wa fedha hutumia macho, kugusa, kunusa na mwisho kusikia, akiiangusha dinari na kutega sikio, si mara moja. Mifuko iliyokaguliwa ilifungwa kwa kibao kidogo cha mfupa au pembe chenye jina la mkaguzi na neno lisemalo kwamba ameangalia. Trimalchio, tajiri mshamba katika riwaya ya Mrumi Petronius, anataja kazi mbili anazoziona ngumu kuliko zote baada ya usomi: uganga, na ubadilishaji fedha, kwa kuwa mbadilishaji huona shaba kupitia fedha.

Kuhusu thamani, Pliny huyohuyo anashangaa kwamba watu wa siku zake walisoma kasoro za dinari bandia kama sampuli, na kuinunua moja kwa dinari halisi kadhaa. Leo sarafu kama yako kwa kawaida inauzwa chini ya halisi yake. Muuzaji anayejua kazi angeandika wazi kwamba imevikwa. Mwombe tofauti ya bei kwa upole, na umwombe pia aseme ilikotoka. Kama ilifukuliwa huko Uingereza, mpango wa Portable Antiquities Scheme huandika vitu kama hivi na utafurahi kuipata. Aina yenyewe utaikuta kwenye katalogi ya Roman Imperial Coinage, juzuu la 1, Augustus namba 207, na picha za sarafu halisi ziko wazi kwenye mtandao wa British Museum. Hapo mjini kwako pia pana mkusanyiko mzuri wa sarafu katika Barber Institute.

Usiisafishe. Najua nyumbani tunasugua fedha kwa ndimu na magadi, lakini asidi ya ndimu itaingia kwenye lile tundu, itakula shaba, na utabaki na ganda tupu lenye sura ya Augustus. Usichokonoe vilengelenge. Ihifadhi pakavu, kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kisanduku chenye vifuko vya kunyonya unyevu, si kwenye mifuko laini ya plastiki ya bei rahisi. Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiupangusa, huo ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi, mwoneshe mhifadhi wa makumbusho mapema.

Kisha piga picha ya pande zote mbili na ukingo mzima, kwa mwanga wa pembeni, na uandike uzito, ujazo, na pembe ya upande mmoja kwa mwingine ukigeuza sarafu. Anza kutafuta kwenye minada ya zamani sarafu zilizovikwa za aina hii, ukiangalia neno PRINC tu. Ukikuta nyingine yenye N ileile iliyogeuzwa na V ileile iliyopotea, niletee zote mbili. Zikiwa zimetoka muhuri mmoja, tutaanza kuuliza zilifukuliwa wapi, na karakana yenyewe ilikuwa upande gani wa Galia, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake.